Mkoko na mikoko: namna ya kuutambua mti wenyewe na kulitumia jina lake

Mkoko ni miongoni mwa majina ya miti yanayoonekana mepesi kamusini na mazito ufukweni. Kamusi nyingi hulieleza jina hili kwa maneno machache: mti umeao pwani katika maji ya chumvi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, kwa kuwa miti imeayo katika maji ya chumvi ya pwani yetu ni mingi, na kila mmoja una jina lake. Msinzi humea humo. Mkandaa humea humo. Mchu, mlilana na mkomafi humea humo pia. Msomaji akiyashika maelezo hayo ya kamusi kisha akashuka pwani, hatajua ni upi kati ya miti aionayo ulio mkoko.

Makala haya yanaeleza mambo mawili yanayotegemeana. La kwanza ni alama za mwilini zinazoutofautisha mkoko na miti inayofanana nao: mizizi, majani, maua, miche na magome. La pili ni namna mwandishi, mwalimu au mfasiri anavyopaswa kulitumia jina hilo ili msomaji wake aufikirie mti uleule aliokusudia. Asiyezijua alama za mti hawezi kulitumia jina lake kwa hakika.

Maana mbili za neno moja

Mkoko ni nomino ya ngeli ya U-I: mkoko huu umestawi, mikoko hii imestawi. Kwa maana yake finyu ni jina la spishi moja, ile ambayo wanasayansi huiita Rhizophora mucronata. Kwa maana pana, hasa katika umbo la wingi, mikoko hutaja miti yote imeayo mahali ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka, na pia msitu wenyewe unaofanywa na miti hiyo. Anayesema kwamba kasa na kamba huitegemea mikoko hakusudii spishi moja. Anakusudia msitu mzima.

Tabia hii si ngeni katika Kiswahili. Neno chai hutaja kinywaji kimoja, lakini mtu asemaye kuwa hajanywa chai asubuhi huwa anamaanisha mlo wa asubuhi kwa jumla, hata kama mlo wenyewe ni uji na viazi. Aliye mashuhuri zaidi katika kundi hulipa kundi jina lake. Wasikilizaji huelewana kwa sababu muktadha huwaongoza.

Taabu huanza muktadha unapokuwa hauongozi. Chukua agizo hili fupi: Pandeni mikoko kandokando ya mkono wa bahari. Msikilizaji wa kwanza ataelewa kwamba anatakiwa kupanda miti ya pwani inayofaa mahali pale, wowote utakaokuwa. Wa pili ataelewa kwamba anatakiwa kupanda mkoko, mti ule mmoja, kwa wingi. Sarufi inawaunga mkono wote wawili. Na kwa kuwa miche ya mkoko ni mirefu, huokoteka kwa urahisi na huchomekwa matopeni kwa mkono bila kuhitaji kitalu, tafsiri ya pili ndiyo inayovutia zaidi kazini.

Matokeo yake si ya kisarufi tu. Matope ya mbele kabisa, yanayopigwa na wimbi mchana na usiku, si makazi ya asili ya mkoko. Huko hutangulia mlilana na mchu. Nchini Ufilipino watafiti wameeleza jinsi miche ya jamii ya mkoko iliyopandwa katika matope ya mbele ilivyokufa kwa wingi, kwa sababu ilipelekwa mahali pa miti mingine. Agizo lenye jina lisilo na mpaka linaweza kupoteza kazi ya msimu mzima.

Mahali pa kuutazamia

Mkazi wa Kawe hana haja ya kusafiri hadi delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mingine ya Afrika Mashariki, ili kujifunza miti hii. Mwambao unaotoka Kawe kuelekea kaskazini, kupitia Mbezi na Kunduchi hadi Mbweni, una fukwe za mchanga zinazokatwa na midomo ya mito na mikono ya bahari. Mikoko haipendi mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi. Hupenda matope yaliyotulia. Kwa hiyo mtafutaji asiitazamie mbele ya fukwe za kuogelea, bali nyuma yake, mahali ambapo mto hukutana na bahari, kama vile Kunduchi na Mbweni. Upande wa kusini, msitu wa mdomo wa Mto Msimbazi huonekana hata kwa abiria apitaye Daraja la Salenda.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja la majina ya mahali. Atokaye mjini kwenda Kawe hupita Mikocheni, na wapo wanaodhani kwamba jina hilo lina maana ya mahali penye mikoko. Sivyo. Kiambishi cha mahali -ni hakigeuzi silabi ko kuwa che. Mahali pa mikoko pangeitwa Mikokoni. Mikocheni linatokana na mkoche, wingi mikoche, mti wa jamii ya mnazi na mkindu ambao matunda yake ni makoche. Mkoche ni mti wa nchi kavu, na hauna udugu wowote na mkoko. Silabi moja inatosha kututoa matopeni na kutupeleka mchangani.

Wakati mzuri wa kuchunguza ni maji yanapokupwa, na hasa siku za bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati huo mizizi huwa wazi, na mizizi ndiyo alama ya kwanza.

Alama za mkoko

Mizizi. Mkoko hujitambulisha kwa mizizi itokayo juu ya ardhi, shinani na mara nyingine matawini, ikipinda kama matao kabla ya kuzama matopeni. Mti mzima huonekana kama uliosimama juu ya miguu mingi. Mizizi hii huutegemeza mti katika tope laini, na vitundu vidogo vilivyo kwenye ngozi yake huingiza hewa, kwa kuwa matope yaliyojaa maji hayana hewa ya kutosha. Jina la kisayansi Rhizophora limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mbeba mizizi, na aliyeuona mti huu hahitaji kuelezwa kwa nini.

Majani. Majani ya mkoko hukaa mawilimawili, yakielekeana kwenye kitawi. Ni mapana, mazito, yenye kung'aa juu, na urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 10 na 18. Lipo jambo dogo la kuangalia: mwisho wa jani kuna ncha nyembamba, ngumu kiasi, iliyochomoza kama ncha ya sindano. Pitisha kidole taratibu utaihisi. Sehemu ya pili ya jina la kisayansi, mucronata, hutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ncha kali. Ligeuze jani, nawe utaona vitone vidogo vyeusivyeusi vilivyotawanyika upande wa chini. Ncha hiyo na vitone hivyo vikiwapo pamoja, umekaribia kupata hakika.

Maua. Ua la mkoko ni dogo na halina makeke: rangi yake ni ya maziwa au ya manjano hafifu, na petali zake zina vinyweleo. Kinachofaa kuhesabiwa ni sepali, yaani vile vijani vigumu vinavyolifunika tumba kabla halijafunguka. Mkoko una sepali 4. Idadi hii ikumbukwe, kwani itatufaa mbele.

Miche. Alama inayowashangaza wengi ni kwamba tunda la mkoko halingoji kuanguka ndipo lichipue. Mbegu huchipua ingali mtini, ikatoa kijiti kirefu cha kijani kinachoning'inia chini ya tunda. Kijiti hicho hukua kwa miezi kadhaa mpaka kufikia sentimita 35 hadi 60, na mara nyingine zaidi, kikiwa na ngozi yenye vipele. Kikikomaa hujichomoa na kuanguka. Hujikita topeni au huchukuliwa na maji hadi mahali pengine. Tunda lenyewe pamoja na sepali zake hubaki juu ya mti. Mwandishi asiite kijiti hiki tunda, wala asikiite mbegu tu: ni mche uliokwisha kuzaliwa.

Magome. Gome la mkoko ni la kijivu au la hudhurungi kwa nje, lakini likichubuka huonyesha wekundu ndani. Wekundu huo unahusiana na wingi wa tanini, dawa ya asili inayotumika kulainisha ngozi na kutia rangi. Katika enzi ya utawala wa Wajerumani magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya tanini hiyo. Hata hivyo, mchunguzi asichubue mti ili kuthibitisha jina lake. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi inayolindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na alama nyingine zilizotajwa hapa hutosha bila kisu.

Ndugu wawili wanaofanana nao

Makosa mengi ya utambuzi hutokea kati ya mkoko, msinzi na mkandaa. Hili si la ajabu, maana miti hii mitatu ni ya ukoo mmoja. Yote hubeba miche inayochipua mtini, yote ina majani yanayoelekeana, na yote hutoa boriti. Anayejifunza alama ya mche peke yake atauita kila mmoja wao mkoko.

Msinzi, ambao mahali pengine huitwa muia na kwa jina la kisayansi ni Bruguiera gymnorhiza, hausimami juu ya matao. Mizizi yake huchomoza juu ya tope kisha hurudi chini, ikifanya umbo la goti lililokunjwa. Uwanja wa msinzi huonekana kama umejaa magoti ya watu waliozama. Jani lake limechongoka, lakini halina ile ncha ya sindano wala vitone vyeusi. Ua lake ndilo linaloonekana kwa mbali, kwa sababu kikombe chake ni chekundu na kina sepali nyembamba 10 hadi 14. Mche wake ni mfupi na mnene, wa sentimita 15 hadi 25, mfano wa biri nene, na huanguka ukiwa umekivaa kikombe chake. Kwa hiyo mche uliookotwa ufukweni ukiwa na taji la meno mengi kichwani ni wa msinzi. Mche wa mkoko huanguka bila taji hilo.

Mkandaa, au Ceriops tagal, ni mti mdogo kuliko hao wawili, na mara nyingi hubaki kuwa kichaka. Majani yake ni mafupi, ya sentimita 5 hadi 10, yenye rangi ya kijani inayoelekea umanjano, na mwisho wake ni wa mviringo. Mara nyingine umebonyea kidogo katikati. Mtu hatahisi ncha yoyote akipitisha kidole. Sepali zake ni 5. Mche wake ni mwembamba na una mifuo inayokwenda kwa urefu, hata ukiuzungusha vidoleni unahisi pembe zake. Wanasayansi walipouita Ceriops walikuwa na pembe akilini, kwani jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo.

Mwanafunzi akitaka kanuni moja ya kubeba kichwani, na ahesabu sepali: 4 ni mkoko, 5 ni mkandaa, 10 au zaidi ni msinzi. Kanuni hii ina faida ya kutotegemea ukubwa wa mti wala rangi yake, na sepali hukaa muda mrefu hata baada ya petali kudondoka. Pasipokuwa na ua, arudi kwenye jani: ncha ya sindano na vitone ni mkoko, mwisho uliochongoka bila vitone ni msinzi, mwisho wa mviringo ni mkandaa.

Wanaoishi nao bila undugu

Miti mingine ya msitu huu huitwa mikoko kwa maana pana tu. Kuitofautisha na mkoko wenyewe si kazi ngumu.

Mchu, Avicennia marina, hauna matao wala magoti. Mizizi yake ya kupumulia husimama wima topeni kama penseli nyingi zilizochomekwa, ikiuzunguka mti kwa umbali mkubwa. Majani yake ni ya kijivu cheupe upande wa chini, na juu yake mara nyingi huwa na chembe za chumvi ambazo mti huzitoa mwilini; ukilamba jani utazionja. Mche wake hautokezi nje; hufichwa ndani ya tunda bapa mfano wa haragwe. Mchu hustahimili chumvi nyingi, kwa hiyo huonekana mbele baharini na pia nyuma kabisa, mahali pafikiwapo na maji ya bamvua tu. Mwalimu atapenda kujua kwamba jina Avicennia ni kumbukumbu ya tabibu na mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037), ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Avicenna.

Mlilana, Sonneratia alba, hutangulia mbele upande wa bahari. Mizizi yake ya kupumulia pia husimama wima, lakini ni minene na imechongoka kama koni, si myembamba kama ya mchu. Majani yake yanakaribia kuwa ya mviringo, na tunda lake ni la duara, la kijani, lililokalia kikombe chenye umbo la nyota.

Mkomafi, Xylocarpus granatum, hutambulika kwa tunda lake: komafi, wingi makomafi, ni duara kubwa la hudhurungi lenye mbegu za pembepembe. Gome lake ni laini na hubanduka vipandevipande kama la mpera. Msikundazi, Heritiera littoralis, hupenda mahali penye maji baridi ya mto, na majani yake yana rangi ya fedha upande wa chini.

Kikandaa, Lumnitzera racemosa, unastahili neno la ziada kwa sababu ya jina lake. Kiambishi ki- humfanya msikilizaji adhani kwamba kikandaa ni mkandaa mdogo, au mtoto wa mkandaa. Kwa macho mfanano upo, kwani majani yake ni madogo na yamebonyea mwishoni kama ya mkandaa. Lakini majani ya kikandaa hayaelekeani. Hupokezana kwenye kitawi, na mti wenyewe ni wa ukoo mwingine kabisa. Ki- ya udogo katika majina ya mimea huonyesha mfanano wa sura, haithibitishi nasaba. Vivyo hivyo neno dume katika jina mkomafi dume halimaanishi jinsia. Linatenga spishi moja na nyingine.

Mtego wa rangi

Wafasiri hukutana na majina ya Kiingereza yanayoipanga miti hii kwa rangi. Yakitafsiriwa neno kwa neno hutoa mkoko mwekundu, mkoko mweusi na mkoko mweupe. Maneno hayo yanasomeka vizuri, na ndiyo sababu yanadanganya.

Kwanza, rangi hizo hazitaji mti uleule katika kila nchi. Katika Amerika, jina lenye maana ya mkoko mweusi hutaja ndugu wa mchu. Afrika Kusini jina hilohilo hutaja msinzi. Jina lenye maana ya mkoko mweupe hutaja mchu huko Afrika Kusini, lakini katika Amerika hutaja mti mwingine, Laguncularia racemosa, ambao haupo kabisa kwetu. Mfasiri anayeandika mkoko mweusi hajui, wala msomaji wake hajui, ni mti gani umetajwa.

Pili, rangi haionekani mahali mtu anapoitazamia. Wekundu wa ule uitwao mwekundu, yaani Rhizophora, uko katika gome la ndani na mbao. Kwa nje mti ni wa kijani na kijivu kama wenzake. Mwanafunzi aliyeambiwa atafute mkoko mwekundu atatazama maua, naye ataenda moja kwa moja kwenye msinzi, kwa kuwa ndio wenye kikombe chekundu. Jina limemfikisha kwenye mti usio wenyewe, na hana njia ya kugundua.

Dawa ni kuanza na jina la kisayansi lililo katika matini ya asili, kisha kutafuta jina la Kiswahili la mti huohuo. Mti usiomea kwetu huhitaji jina lililoazimwa; ndivyo mwaloni wa nchi za mbali ulivyopata jina katika Biblia ya Kiswahili. Lakini mkoko, msinzi na mchu imesimama pwani yetu, na wavuvi, mafundi wa majahazi na wakata boriti waliipa majina kabla ya mfasiri kuketi mezani. Kuiundia majina mapya ya rangi ni kuacha mali ya lugha na kuchukua mkanganyiko wa wengine. Matini ikizungumzia spishi ya Amerika, kama Rhizophora mangle, andika mkoko wa Amerika au jamii ya mkoko, na jina la kisayansi mara ya kwanza.

Kosa jingine la aina hii ni kuchanganya mti na bidhaa. Boriti si jina la mti. Fito, pau, boriti na nguzo ni majina ya ukubwa wa miti iliyokatwa, kuanzia nyembamba hadi nene, na zinaweza kutoka kwa mkoko, mkandaa au msinzi. Boriti zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu hadi Uarabuni zilihesabiwa kwa unene na urefu. Kwa hiyo boriti ya mkoko ni maneno yenye maana kamili, lakini msitu wa boriti si jina sahihi la msitu wa mikoko.

Msemo: mkoko kualika maua

Kiswahili kina msemo mashuhuri: ndio kwanza mkoko unaalika maua. Husemwa jambo linapoonekana limefika kilele, kumbe ndio linaanza. Neno alika hapa si kuita mtu karamuni. Ni alika yenye maana ya kupasuka au kufunguka kwa mlio. Wanafunzi wengi huisoma kwa maana ya kwanza, kisha hushangaa mkoko unayakaribishaje maua yake.

Aliyezisoma alama za mti ataona jinsi msemo huu unavyoafikiana na maisha yake. Kwa miti mingine ua huelekea tunda, na tunda likianguka shughuli imekwisha. Kwa mkoko, ua ni mwanzo wa safari ndefu: tunda litungwe, mbegu ichipue mtini, kijiti kirefuke miezi na miezi, kisha kianguke na kuelea kabla ya kupata mahali pa kusimama. Anayeona ua la mkoko hajaona kitu bado. Mwalimu anaweza kufundisha msemo na mti katika somo moja.

Mapendekezo ya matumizi

Tumia mikoko, kwa wingi, unapokusudia msitu au kundi lote la miti ya maji ya chumvi, na hakikisha sentensi ya kwanza inaonyesha upana huo: mikoko, yaani mkoko, msinzi, mkandaa, mchu na mingineyo. Unapokusudia spishi moja, tumia umoja, mkoko, au andika miche ya mkoko, miti ya mkoko, ambapo wingi unabebwa na neno la kwanza na jina la mti linabaki katika umoja. Njia hii ya pili inafaa zaidi katika maagizo, vibali na vitabu vya shule. Agizo lililotajwa mwanzoni lingeandikwa hivi: Pandeni miche ya mlilana na ya mchu upande wa bahari, na miche ya mkoko kandokando ya mkono wa bahari. Maneno yameongezeka, lakini hakuna anayeweza kuyaelewa kwa namna mbili.

Padri Charles Sacleux, aliyeishi muda mrefu Bagamoyo na Zanzibar, alikusanya mimea pamoja na maneno kabla ya kuchapisha kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939. Mfano wake unafaa kuigwa na kila mtunga kidahizo cha mti: fasili ianze kwenye jani. Kwa mkoko, kidahizo kinaweza kuwa hivi:

mkoko nm mi- [u-/i-] 1. mti wa pwani umeao katika matope ya maji ya chumvi, wenye mizizi inayopinda kama matao kutoka shinani, majani mapana yenye ncha kama ya sindano na vitone vyeusi upande wa chini, maua yenye sepali nne, na miche mirefu inayochipua ingali mtini, Rhizophora mucronata. 2. (agh. kwa wingi) mti wowote wa msitu unaofikiwa na maji kujaa na kupwa, kama vile msinzi, mkandaa, mchu na mlilana, msitu wa miti hiyo. Ms: ndio kwanza mkoko unaalika maua: jambo ndio linaanza.

Msomaji akishuka Kunduchi au Mbweni maji yakiwa yamekupwa, akiwa na kidahizo hiki mkononi, aweze kuunyoshea mti kidole na kuutaja. Fasili isiyomwezesha kufanya hivyo bado haijakamilika.